Pai za Plamu za Ndanai

Yunia Nyamusi alianza na unga, kama alivyoanza kila Jumamosi kwa miaka ishirini na minne. Alichota kidogo kwenye mfuko, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaunusa. Unga wa duka la shamba la chai hakuugusa. Ule ulikuwa na wadudu, na ganda lake lilitoka gumu kama soli ya kiatu. Wake ulitoka Kericho mjini, daraja la kwanza, mkavu, mweupe, na aliuchekecha mara mbili hata kama hakuna mtu wa kumwona. Kisha alitumbukiza mikono kwenye beseni la maji baridi, akaipangusa, akaanza kuivunjavunja siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole. Mikono ikiwa na joto siagi inayeyuka, na siagi ikiyeyuka pai imekwisha hapo hapo. Alifundishwa hayo na mke wa meneja wa zamani, mama mmoja wa Kizungu mwenye makelele, ambaye baadaye alirudi kwao na kuacha nyuma yake mabakuli ya kuokea na desturi ya pai kila Jumamosi.

Dirisha la jikoni kwa meneja wa shamba lilikuwa na vyuma, na nje ya vyuma kulikuwa na chai. Chai ilishuka mpaka barabarani, na ng'ambo ya barabara ikaendelea. Siku nyingine Yunia alikuwa akiitazama anaona pumzi inamwishia, anarudi kwenye unga wake.

Plamu zililetwa mlango wa nyuma na Johana, mkulima wa Ndanai, ndoo mbili zilizofunikwa kwa majani ya mgomba. Johana alimsalimu kwa Kikisii na Yunia akamjibu kwa Kikipsigis, kila mmoja kwa lugha ya mwenzake, kama walivyozoea tangu walipokuwa majirani.

"Ni zile za kwako, mama Mellen," Johana alisema. "Mwaka huu zimeiva vizuri."

"Za ule mti wa mlangoni?"

"Na za mpakani pia. Nimechanganya."

Sasa, hili la "za kwako" lielezwe hapa hapa, lisije likatusumbua huko mbele. Mwaka wa sabini na moja, Yunia na mumewe Orina, fundi seremala wa kiwanda cha chai, walinunua ekari tatu Ndanai kwa baba yake Johana. Mzee hakujua kuandika, kwa hivyo Johana, kijana aliyekuwa ametoka shule juzi, aliandika mapatano kwenye karatasi ya daftari, mzee akaweka dole gumba, na Johana akatia sahihi ya shahidi. Kondoo alichinjwa. Watu wakala, wakapanda miche ya plamu mpakani, wakaagana. Kwenye bodi ya ardhi, inayoidhinisha mauzo, hakuna aliyekwenda. Mtu mliyekula naye kondoo mmoja utampelekaje bodi, kana kwamba humwamini? Hilo ndilo lilikuwa kosa lao, na walilifanya wakiwa wameshiba na wanacheka.

Orina alijenga nyumba kwa siku zake za mapumziko, miaka miwili. Mlango aliutengeneza kwa mti wa mtarakwa. Kitasa kilipokataa kufunga, alichukua tupa akaukwaruza ufunguo mwenyewe, jino moja likabaki fupi kuliko mengine. Machi ya tisini na mbili, wakati wa mapigano ya makabila, walikuja vijana ambao hakuna anayekubali kwamba aliwajua, na nyumba ikachomwa, na sanduku la bati lililokuwa na karatasi likaungulia ndani. Johana alimficha Mellen, binti ya Yunia, ndani ya ghala lake la mahindi siku mbili. Mambo yalipopoa aliingiza ng'ombe wake kwenye zile ekari tatu ili, alivyosema, watu wengine wasizichukue. Walikuwa bado humo. Orina alifariki mwaka uliofuata, akazikwa kwa kaka yake, pembeni kabisa, karibu na choo, kwa sababu nafasi ilikuwa hapo.

Na Yunia alikuwa anatimiza miaka hamsini na mitano mwezi wa Machi. Shamba la chai lilikuwa na sheria moja isiyo na maneno mengi: ukifika hamsini na mitano unaacha kazi, na siku unayoacha kazi unaacha na nyumba ya kazi. Yaani ifikapo mwisho wa Machi hangekuwa na pa kulala. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, kwenda kulala kwake.

Jumamosi hiyo, ya pili ya Desemba tisini na tano, alizitoa plamu kokwa, akazipanga, akanyunyiza sukari na mdalasini, akafunika, akatia ovenini. Saa tisa Obure, mhudumu wa mezani, alirudi jikoni na kisahani mkononi. Juu ya kisahani kulikuwa na ufunguo.

"Mama, bwana anasema hii itakuwa yako. Ilikuwa kwa pai."

Yunia aliuosha sukari kwenye bomba. Jino moja lilikuwa fupi.

"Ndiyo, ni yangu. Mwambie asante."

"Anauliza kama kuna kipande kingine."

"Cha ufunguo?"

"Cha pai."

Akamkatia.

Jumamosi iliyofuata zilitoka bawaba mbili na komeo la dirisha. Iliyofuata tena ilitoka misumari, mingi, na wageni wakaipanga ukingoni mwa sahani kama watu wanavyopanga mbegu za chungwa. Haikuwa na kutu wala masizi. Ilikuwa na joto kidogo, lakini pai yenyewe ilikuwa ya moto. Bwana Phelix, meneja, alikuwa mtu mtaratibu asiyependa fujo mezani, akaomba tu kwamba misumari ya inchi nne iwe inawekwa katikati ya pai, isimfikie mgeni kwenye kona. Yunia alijibu kwamba si yeye anayeiweka. Bwana Phelix akasema anaelewa, lakini ajitahidi.

Mlango ulitoka Krismasi. Kulikuwa na wageni kumi na wawili na pai ilikuwa ya trei kubwa. Mkewe meneja, madam Rodah, alipotia kisu alisikia ubao. Obure aliitwa, akavua koti, akauvuta kwa upande, polepole, huku madam ameishikilia trei, mpaka ukatoka wote na kitasa chake. Wakauegemeza kwenye kabati ya vyombo, watu wakamalizia pai. Mgeni mmoja wa Nairobi alisifu ganda, akasema huko kwao hakuna mpishi anayejua kulikausha hivyo upande wa chini.

Yunia aliutazama ule mlango kutoka jikoni na machozi yakamtoka, akayafuta kwa aproni na kwenda kuosha trei.

Siku ya pili ya mwaka mpya aliomba ruhusa, akauchukua ufunguo, akaenda ofisi inayohusika na mambo ya ardhi. Ofisa aliugeuzageuza ufunguo, akasema ni ufunguo mzuri.

"Lakini mama, ufunguo si ushahidi. Kila mtu ana ufunguo. Niletee karatasi."

"Iliungua."

"Basi ikitoka, niletee."

Kuanzia hapo kila pai aliyooka Yunia ilikuwa ya kusubiri karatasi. Alifanya majaribio, maana si mtu wa kukaa tu. Alioka pai ya mapera, ikatoka pai. Alioka ya matunda damu, ikatoka pai. Jumamosi moja unga wa Kericho ulikuwa umekwisha na madam Rodah akalazimisha utumike ule wa dukani. Zilitoka kokoto na majivu, na mgeni mmoja alivunjika jino. Toka siku hiyo madam mwenyewe alikuwa akituma gari Kericho kila Ijumaa, na Yunia akauchekecha unga mara tatu badala ya mbili.

Januari yote yalitoka mabati. Bati moja kwa pai moja, limejikunja ndani ya ganda, na ukilivuta linajinyoosha lenyewe kwa kelele. Zikatoka fremu za madirisha. Likatoka sanduku la bati, na Yunia akalifungua hapo hapo mezani mbele ya watu. Ndani kulikuwa na shuka mbili na kitambulisho cha Orina. Karatasi haikuwamo. Alikaa chini sakafuni, akasema "Haki ya Mungu," akashindwa kuendelea. Watu wakamngoja amalize ndipo waombe chai.

Vitu vyote aliviweka nyuma ya banda la kuni, na mwisho wa Januari barua ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, imepigwa chapa vizuri. Ilisema kwamba vitu vyovyote vitakavyopatikana ndani ya pai ni mali ya mpishi, na kampuni haina madai juu yake. Hata hivyo haviruhusiwi kusimamishwa, kuunganishwa wala kuezekwa kwenye ardhi ya kampuni, na vinapaswa kuondoka pamoja na mhusika tarehe thelathini na moja Machi. Yunia aliisoma mara mbili. Haikuwa na tusi lolote.

Johana aliendelea kuleta plamu. Mtu mwingine angeacha, lakini yeye kila Jumamosi alikuwa mlangoni na ndoo zake. Alikwenda nyuma ya banda, akapitisha kiganja juu ya mlango wa mtarakwa.

"Orina alikuwa fundi."

"Alikuwa."

"Karatasi bado?"

"Bado."

"Hata plamu zinaelekea kuisha. Labda wiki mbili, tatu."

Yunia aliweka ndoo chini. Jambo hili alikuwa amelibeba miaka minne, na siku hiyo lilimponyoka.

"Johana, kwani ni nani aliandika hiyo karatasi?"

"Ni mimi."

"Na shahidi?"

"Si ni mimi."

"Sasa mimi nachoma mikono hapa natafuta karatasi, na aliyeiandika ananiletea plamu! Ukienda ofisini useme, si yaishe?"

Johana alitazama gambuti miguuni mwake. Zilikuwa na udongo mwekundu, na Yunia alijua ni udongo wa wapi.

"Mama Mellen, mimi na wewe hatuna shida. Unajua. Shida ni watu. Nikienda kusema hiyo maneno, ndugu zangu wataniuliza mimi ni wa wapi. Na mimi nitalala wapi hiyo siku?"

"Utalala kwako."

"Watanichomea."

Yunia alikasirika mpaka masikio yakamchemka. Alitamani kuinyanyua ile ndoo ammwagie kichwani. Lakini plamu zilikuwa zake, na zingepondeka. Akazipeleka ndani, na Johana akaondoka kwa njia ya katikati ya chai, kofia mkononi, ingawa jua lilikuwa kali.

Jumamosi ya mwisho ya Februari Johana alikuja na kibeseni kimoja. Zile ndizo za mwisho, alisema, nyingine zimeliwa na ndege. Meneja na mkewe walikuwa wamesafiri na Obure alikuwa amepewa ruhusa, kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kupikiwa. Yunia alipika hata hivyo. Alipima unga uliobaki, ukatosha barabara. Alilisukuma donge mara moja tu, bila kulisumbua, akalitandaza kwenye bakuli dogo, na yale makombo ya pembeni akayakata majani mawili madogo ya plamu, akayabandika juu. Pai nzuri kuliko hiyo hakuwahi kuitengeneza, na alijua.

Mvua ya saa nane ilishuka. Johana alikuwa amejibanza chini ya paa la nje anangoja ikatike, na Yunia alimtazama kupitia vyuma vya dirisha, amelowa mabega. Miaka yote hiyo ameleta plamu, na pai hajawahi kuionja. Wa mlango wa nyuma hakatiwi.

"Ingia, baba Kipkorir. Kaa hapo kwa kiti."

Akamkatia kipande, akajikatia kingine. Walikula, mvua inapiga mabati. Kipande cha Yunia kilikuwa cha plamu tupu. Akakimaliza hadi mwisho, akakwangua sahani, na moyo ukamwanguka kabisa. Ndipo alipomwona Johana ameacha kutafuna.

Johana aliingiza vidole viwili mdomoni, akavuta. Ilitoka karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne, ina maji ya plamu kwenye kona. Akaikunjua juu ya goti. Alisoma mpaka chini, kwenye dole gumba la baba yake, na chini ya dole gumba kwenye jina lake mwenyewe, kwa mwandiko ule wa shule wenye mikia mirefu.

"Ni mwandiko yangu," alisema.

"Ni wako."

"Hii 'ekari' niliandika nikafuta, nikaandika tena. Mzee alinigombeza naharibu karatasi." Alicheka kidogo, akaacha. "Mimi nilikuwa najua, mama Mellen. Hata bila karatasi nilikuwa najua. Sisi wote huko tunajua."

"Najua mnajua."

Aliikunja vile vile ilivyokuwa, akaipangusa kwa kitambaa chake, akampa kwa mikono miwili, kama kijana anavyompa mtu mzima kitu. Halafu akakaa. Yunia alingoja. Alingoja neno moja tu, na Johana alilijua neno lenyewe, na mvua ikakatika.

"Mwaka ujao zitakuwa nyingi," Johana alisema akiinuka. "Nitaweka mbolea."

Jumatatu Yunia alikuwa wa kwanza ofisini. Ofisa aliisoma karatasi, akaiinua kwenye mwanga, akainusa.

"Hii ni safi," alisema. "Ni ya kweli kabisa. Mngekuja nayo bodi mwaka ule ule, hata mimi singekuwa na kazi leo." Akaigonga muhuri juu ya doa la plamu, akaandika tarehe. "Lakini mama, unajua hali ya huko. Karatasi haiwezi kukulinda usiku. Nenda ungoje, tutakuita."

"Nikangoje wapi?"

"Nyumbani," ofisa alisema, akaita mtu anayefuata.

Tarehe thelathini na moja Machi trekta ya shamba ilimbeba Yunia na nyumba yake hadi getini, maana sheria ilikuwa ni hadi getini. Misumari, bawaba na vitasa vilikuwa kwenye magunia kumi na moja ya unga. Mabati na madirisha yalifungwa kwa kamba. Bwana Phelix alimpa mkono. Madam Rodah alimpa trei kubwa na kulia kidogo, akamuuliza siri ya ganda. Yunia akamwambia ni mikono baridi.

Alipata chumba cha kupanga Sotik, nyuma ya posho mili, mashine ya kusaga mahindi. Kila kitu cha ile nyumba kilikuwa kimetoka, hata kijiko cha uji cha Mellen. Ardhi yenyewe haikutoka hata punje. Mwenye chumba hakutaka mabati uani, kwa hivyo Yunia aliyalaza chini ya kitanda, na magunia akayapanga hadi darini, ikabaki nafasi ya jiko na ya mtu mmoja kugeuka. Mlango aliuegemeza kwenye ukuta wa ndani, akaufungia kwenye fremu yake. Kila jioni aliufunga kwa ufunguo, na kila asubuhi aliufungua. Aliuza mandazi na, watu walipoagiza, pai. Kutoka ofisi ya ardhi hakuna aliyemwita.

Desemba Johana alifika Sotik, akamuuliza mtu wa posho mili, akaelekezwa. Aliingia chumbani na ndoo mbili, akakosa pa kuziweka, akabaki amezishika. Kisha akauona mlango wa mtarakwa. Alisogea mbele yake, akaweka ndoo chini, akavua kofia, akagonga mara mbili kama alivyokuwa akigonga zamani akija kuomba chumvi.

"Hodi kwa mama Mellen."

Yunia alikuwa amesimama hatua moja nyuma yake, mikono ndani ya beseni la maji baridi.

"Karibu, baba Kipkorir. Ingia tu, haujafungwa."

Johana alizungusha kitasa, akavuta. Bawaba hazikulia. Nyuma ya mlango kulikuwa na ukuta wa mwenye chumba, chokaa ya kijani, na alama ya msumari wa kalenda. Akaurudisha mlango taratibu mpaka ukashika.

"Nimeweka mbolea," alisema. "Mti wa mlangoni ndio umezaa kabisa."

Yunia aliipangusa mikono, akachota unga kidogo kwenye mfuko, akausugua kati ya vidole. Ulikuwa wa Kericho. Akamwambia akae juu ya gunia la vitasa, lile la karibu na dirisha, kwa sababu la misumari linachoma.